Pilipili boga inayoozea ndani: mbegu nyeusi zinasema nini

Kuna uozo wa pilipili boga ambao hauonekani mpaka kisu kipite. Ngozi inang'aa, kikonyo kibichi, ukiishika ni ngumu na nzito inavyotakiwa. Unaipasua kwa ajili ya kachumbari, na ndani unakuta mbegu zimegeuka kahawia, nyengine nyeusi kabisa, zimegandana kwa utando wa ukungu, na ukiinusa inatoa harufu ya koga. Nje haina hata doa.

Nazilima pilipili hizi, ambazo bara ndizo hoho, katika bonde la Mwera, Unguja: matuta machache nyuma ya nyumba na kipande kingine karibu na mto. Tunakula nyumbani, na zinazozidi nawauzia majirani na mama ntilie wawili watatu. Kipupwe kimoja, mmoja wa mama ntilie hao alinirudishia nusu ndoo. Hakuja kwa ugomvi. Alizimwaga juu ya jamvi, akazipasua moja moja mbele yangu, akasema, "Angalia mwenyewe, dada. Mteja wangu angeikuta hii kwenye sahani, ningemwambia nini?"

Siku zile kila aliyepita barazani alikuwa na jawabu lake. Mbegu za dukani mbovu. Samadi haikuiva. Maji ya mto. Jicho la watu. Na majawabu yote yaliishia pamoja: piga dawa. Mimi sikupiga. Nilitaka kwanza nijue napambana na nini, maana dawa ya ukungu haimuui kiwavi, na hakuna dawa ya kupulizia inayoweza kutibu kiu ya mche. Tangu hapo nimepasua pilipili nyingi, zangu na za wenzangu, na nimeshika jambo moja ambalo ningependa kila mwenye miche michache uani alijue: kusema imeoza hakutoshi. Lazima ujue uozo umeanzia wapi, na lini.

Tuanze na namna ya kukata. Jikoni tumezoea kukata kofia ya juu, kuuchomoa moyo na mbegu zake na kuutupa. Ukikata hivyo umepoteza ushahidi. Pilipili ya kuchunguza ipasue kwa urefu, kutoka kikonyoni mpaka kitakoni, kisu kipite katikati ya moyo, halafu weka vipande viwili mahali penye mwanga. Je, weusi umeanzia kitakoni ukapanda? Umeanzia chini ya kikonyo ukashuka? Umeingilia ubavuni, kwenye kidonda? Au umeanzia kwenye moyo na mbegu zenyewe, na nyama ya nje bado nzima? Ukijua hilo umeshapunguza sababu kutoka nyingi hadi moja au mbili.

Zile za nusu ndoo zilikuwa za namna ya mwisho. Niliyoipasua kwanza baada ya mama ntilie kuondoka naikumbuka vizuri. Nyama ilikuwa nene, kijani, ikitoa maji safi. Moyo upande wa juu ulikuwa mweupe. Kwenye ncha ya chini umesinyaa na kuwa kijivu. Mbegu zilizo karibu na ncha ile zilikuwa nyeusi, zilizofuata kahawia, na za juu kabisa zilikuwa bado na rangi yao ya maziwa. Kwa hiyo ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini. Lakini kitakoni kwa nje hapakuwa na tundu wala kidonda. Palikuwa na kile kinundu kidogo tu kinachobaki ua linapodondoka.

Bwana shamba wetu alipopita nilimwonyesha. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu bila kusema, kisha akagusa kinundu kile kwa ncha ya kisu. "Kapitia hapa, bibie. Kaingia ua likiwa wazi, tunda halijawa tunda."

Maelezo yake, na niliyoyasoma baadaye, yanakwenda hivi. Ua la pilipili lina kijiti katikati ambacho ncha yake hupokea chavua. Chavua ikitua pale hushuka ndani ya kijiti mpaka kwenye kitunda kichanga, na ndiyo mwanzo wa mbegu. Njia ile ile hutumiwa na kuvu. Vumbi lake, lililoletwa na upepo, matone ya mvua au wadudu wanaotembelea maua, likitua kwenye ncha hiyo siku ya unyevunyevu, nalo huota na kushuka. Ua likidondoka, kitunda hujifunga na kuvu yumo ndani. Hukaa kimya tunda likikua, kisha huenea kwenye moyo na mbegu, ambako kuna joto, unyevu na chakula, na upepo haupiti. Wanaofanya kazi hiyo zaidi ni jamii ya fusariamu, na mara nyengine alternaria. Wakulima wa pilipili wa Kanada, Uholanzi na Ubelgiji, wanaolima ndani ya nyumba za vioo, wamekuwa wakihangaika na mmoja wao, Fusarium lactis, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwangu habari hiyo ilikuwa faraja kubwa. Watu wenye mitambo ya kupima joto na unyevu kila saa wanapatwa nalo, basi si uchafu wa mkulima, na si jicho la mtu.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni hesabu ya siku. Kutoka ua kufunguka mpaka pilipili kukomaa ikiwa kijani, ni kiasi cha wiki tano hadi saba. Zile za nusu ndoo nilizichuma mwanzoni mwa Julai, jua zuri, umande mdogo, kila kitu shambani kikionekana salama. Maua yake yalifunguka mwezi wa Mei, masika yakimalizikia, bondeni maji yamesimama baina ya matuta na majani hayakauki mpaka adhuhuri. Uozo wa Julai ulipandwa Mei. Dawa ambayo ningeipuliza Julai ingeishia kwenye ngozi ya pilipili ambayo kesho yake mtu angeila, na kuvu aliyeko ndani isingemfikia kamwe. Nawaomba sana wenzangu wafikirie hili kabla ya kubeba bomba la dawa.

Mwaka uliofuata nilitaka kuona kwa macho yangu. Nina nyuzi zinazobaki ninapodarizi kofia, basi kila ua lililofunguka siku ya mvua nililifunga uzi mwekundu kikonyoni, legelege ili kinenepe bila kukatwa, na maua ya siku kavu nikayafunga uzi mweupe. Zilipokomaa nikazichuma kwa makundi na kuzipasua zote kwa urefu. Mbegu nyeusi karibu zote zilikuwa kwenye uzi mwekundu. Si kila pilipili ya uzi mwekundu iliharibika, nyingi zilikuwa nzima. Na katika za uzi mweupe zilikuwamo chache mbovu, lakini nilipofuatilia, zote zilitoka kwenye mche uliokuwa chini ya mwembe, ambako jua linachelewa kufika na umande hukaa asubuhi nzima. Hapo nikaamini.

Tangu wakati huo nimebadilisha mambo kadhaa. Kubwa kuliko yote ni tarehe ya kusia. Nasia mbegu kwenye kitalu mwishoni mwa Machi, chini ya paa la nailoni, nahamisha miche katikati ya Mei, na maua yanaanza kipupwe kikiwa kimeshakauka. Miche naipa nafasi zaidi kuliko zamani, upepo upite. Majani ya chini yanayogusa udongo nayakata. Maji natia shinani, asubuhi, kwa kata, wala simwagi juu ya maua. Na pilipili mbovu haibaki shambani hata moja: nazikusanya na kuzifukia mbali, kwa sababu kila inayoozea pale inatoa vumbi la kuvu kwa maua ya kesho. Kama kuna miche ambayo lazima itoe maua kwenye mvua, naisimamishia paa la nailoni juu ya vijiti, pande zote wazi. Paa bila upepo halisaidii, linageuka tanuri lenye mvuke.

Sasa, mbegu nyeusi si lazima ziwe na kisa hicho. Mama mdogo wangu yuko Makunduchi, analima kwenye uwanda, katika vishimo vya udongo baina ya mawe. Alinitumia picha za pilipili zake kwa simu: mbegu nyeusi vilevile, ukungu mweusi vilevile. Nilipokwenda nikazipasua, na hadithi ilikuwa nyengine kabisa. Zake zilianza kwa nje, kitakoni, kwa bato la rangi ya kahawia iliyopauka, ngozi imekauka na kuwa nyembamba mithili ya karatasi. Mahali pale palipokufa ndipo ukungu mweusi ulipopata njia ya kupenya na kufikia mbegu. Huu ni ule unaoitwa kuoza kitako, na chanzo chake si kuvu. Kuvu amekuja baadaye, amekuta nyama imeshakufa. Kilichoanza ni tunda kukosa kalsiamu.

Mtu mmoja alikuwa amemshauri amwage chokaa. Mama mdogo akanionyesha ukuta wa shamba na ardhi yote mpaka baharini, akasema, "Haya mawe unayoyaona, mwanangu, tunayachoma kupata chokaa. Niongeze nyengine ya nini?" Alisema kweli. Ardhi ya uwanda imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kalsiamu imejaa. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba. Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini, na majani ndiyo yanayovuta maji kwa nguvu zaidi, tunda huambulia kidogo, na kitako cha tunda ndicho cha mwisho kufikiwa. Kaskazi ikivuma na jua kali, mche ukakauka siku mbili kisha ukamwagiwa ndoo nzima kwa pupa, kitako ndipo kinapokufa. Mbolea ya urea ikizidi, au samadi ya kuku ikiwa nyingi, huongeza balaa, kwa kuwa majani yananenepa na kunyonya zaidi.

Dawa yake ilikuwa makumbi ya nazi. Alizika makumbi chini ya kila shimo, akatandaza majani makavu juu, akagawa maji: kidogo kidogo kila siku badala ya mengi mara moja. Matunda yaliyokwisha kuharibika hayakupona, hayaponi, akayachuma ili mche usiyalishe bure. Yaliyofuata yalikuwa mazima. Bato la kitako, halafu, watu hulichanganya na kuungua jua. Kuungua jua huja upande uliotazama jua, rangi nyeupe, hasa mche uliopungukiwa na majani. Angalia tunda lilivyokaa mtini kabla ya kulichuma, utajua.

Wadudu nitawapitia haraka, maana wao hujitaja wenyewe ukipasua. Ukikuta uchafu wa punjepunje karibu na mbegu na njia iliyochimbwa, kuna kiwavi, hata kama nje hakuna tundu. Yupo nondo ambaye kiwavi wake huingia akiwa mdogo mno, mara nyingi karibu na kikonyo, na kitundu chake hujifunga. Akikua huwa na rangi ya waridi. Huyo ndiye Umoja wa Ulaya ulimwekea masharti maalumu kwa pilipili zinazotoka Afrika tangu 2018. Funza weupe wasio na kichwa kinachoonekana, wanaoruka ukiwaweka mezani, ni wa nzi wa matunda, na kwangu nimewakuta zaidi kwenye pilipili mbuzi. Madoa ya mviringo yaliyobonyea, yenye duara ndani ya duara na unga wa rangi ya machungwa wakati wa mvua, ni chule, naye akipenya ngozi huzifikia mbegu na kuzitia kutu. Na pilipili inayoning'inia mtini imejaa maji ya uvundo, ukiigusa inapasuka, hiyo ni bakteria walioingilia kwenye jeraha. Hapo usipasue juu ya ubao wako wa jikoni.

Kisa kingine kinastahili nafasi, kwa sababu kinawatia watu hofu ya bure. Muuzaji mmoja aliniambia pilipili zangu "zina ugonjwa wa mbegu". Nilikwenda dukani kwake. Mbegu zilikuwa kahawia kweli, na moyo umefifia, lakini hakuna utando, hakuna harufu, hakuna mahali uozo ulipoanzia: zimebadilika zote kwa pamoja. Ngozi ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, na ile kofia ya kikonyo imekuwa nyeusi. Nikauliza zilikaa wapi. Kwenye friji, nyuma kabisa, pale panapoganda barafu, zaidi ya wiki. Ule ni ubaridi. Pilipili ni mmea wa joto, na tunda lake likikaa muda mrefu chini ya nyuzijoto 7 huumia, na mbegu ni miongoni mwa vinavyoonyesha maumivu hayo mapema. Za kijani huumia zaidi kuliko zilizoiva nyekundu. Friji nyingi za nyumbani zimewekwa kwenye 4 hivi, basi kwa siku chache hakuna neno, lakini si pa kuhifadhia kwa wiki mbili. Zile zilikuwa zinalika, tulizitoa mbegu na akaziuza siku ile ile.

Na mara nyengine hakuna tatizo lolote. Mbegu ya pilipili changa ni nyeupe, ya iliyoiva ni ya rangi ya maziwa au manjano hafifu, na iliyochelewa sana mtini huelekea hudhurungi, ikiwa kavu na safi. Mbegu nyeusi za asili zipo, za aina moja ya pilipili iitwayo rokoto, inayotoka milima ya Andes na kupenda baridi ya mlimani. Picha zake huzunguka kwenye simu na kuwachanganya watu. Kwa joto letu la pwani, ukiona mbegu nyeusi kwenye pilipili boga, tafuta sababu.

Linaloulizwa zaidi ni kama inalika. Hapa nimebishana na wifi yangu mara nyingi, kwa kuwa yeye hukata penye ubovu na kutia kilichobaki kwenye mchuzi, na anaona kutupa ni kukufuru. Naelewa uchungu wake, mboga ni pesa. Kama ni doa la nje kwenye pilipili ngumu, nakubaliana naye: kata pana, kiasi cha sentimita 2.5 kulizunguka, kisu kisiguse ukungu, inayobaki ni chakula. Lakini ukungu ukiwa ndani, kwenye uwazi wa mbegu, hakuna pa kukata, maana vumbi lake limeshatua kwenye ukuta wote wa ndani. Hiyo natupa nzima. Baadhi ya kuvu hutoa sumu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi yaliyokuwa yamepikwa vizuri tu. Kuvu wa pilipili niliowataja si yule aliyetoa sumu kwenye mahindi yale, na sitaki kumtisha mtu, ila sioni sababu ya kumlisha mwanangu ukungu ili kuokoa nusu pilipili. Wala simpi mbuzi.

Mbegu za kupanda ndizo zinazonifanya niwe mkali kabisa. Kuvu na bakteria husafiri ndani ya mbegu na juu yake, na ukigawa mbegu za tunda bovu umemgawia jirani ugonjwa. Nachukua kutoka kwa pilipili iliyoiva nyekundu, ya mche uliokuwa na afya msimu mzima, nimeipasua kwa urefu na kuona moyo mweupe mpaka ncha ya chini. Ikiwa mbegu moja tu imebadilika rangi, tunda zima haliingii kwenye akiba. Naanika kivulini juu ya karatasi, si juani. Mwenye kipimajoto anaweza kuzizamisha kwenye maji ya nyuzijoto 52 kwa dakika 30, kisha akazipoza na kuzianika. Asiye nacho asijaribu, maji yakizidi joto kidogo mbegu zinakufa. Na pilipili haipandwi palipotoka tungule, bilingani au mbatata msimu uliopita, kwani wanarithishana maradhi.

Akiba yangu naihifadhi kwenye vikaratasi ndani ya chupa kavu. Juu ya kila kikaratasi naandika mwezi ambao ua lilifunguka, na kama siku zile kulikuwa na mvua.